Mwenye Bati

Jumanne alfajiri, zamu yangu ya chujio,
bondeni Kitangari, pampu imezimwa,
suruali nimeikunja hadi magotini,
nachokoa majani, nyuzi za nailoni, kisigino cha ndala,
mara kidole gumba kikawaka moto.

Nilidhani nyoka.
Kumbe samaki, urefu wa penseli iliyochongwa ikabaki nusu,
rangi ya jiwe lililolowa,
kajibana kwenye tundu la waya, mwiba umesimama.
Sharubu tatu upande huu,
upande ule mbili na kisiki.
Kichwa mfupa mtupu: ukikigonga kwa ukucha
kinaitika kama sahani ya bati.

Kisha akalia mwenyewe.
Krr. Krr.
Mlango wa stoo usiojua mafuta.
Nusura nimtupe.

Likwata wa pampu ya pili alisema, ngogo huyo.
Nandonde akabisha: mtoto wa kambare, kakosea kuvaa.
Mwaka juzi kijana wa chuo alikuja na chupa za spiriti,
akampima mwenzake, akamhesabu miiba, akaandika,
akasema jina lake bado, tusubiri.

Shangazi Somoe hakusubiri.
"Huyo mwenye bati. Mbona tunajuana."

Enzi zao walishuka genge usiku,
mtungi kichwani, kijinga cha moto mkononi,
na chemchemi ikiwapimia maji
kama mwenye duka anayempimia mdaiwa.
Mmoja anachota, kumi wamelala mchangani.
Ukisikia krr ndani ya kata, usimwage ovyo.
Maji hayo yana mwenyewe.
Unamrudisha kwa mikono miwili, unapiga hodi,
unachota upya.

Mimi nimezaliwa juu, Newala,
ambako mto ni habari ya watu wengine.
Mvua kwetu hupokelewa darini.
Korosho zikilipa, mtu hanunui kitanda,
ananunua bati, geji ishirini na nane,
na mfereji wa kuzunguka paa, na saruji ya kisima,
halafu analala chini kwenye jamvi
akisikiliza kama kuna tone.

Sisi tumevaa bati tupate maji.
Yeye yumo majini, na bado kavaa bati.
Anamwogopa nani?
Mdiria, labda. Kaa.
Mkono wangu.

Lakini kuna hili, na sijalisema kazini.
Mikorosho kumi na saba iliyo juu ya chemchemi
ni ya kwetu.
Juni mashine ya kupulizia hunguruma mgongoni mwa binamu yangu,
salfa inapanda, ukungu wa njano,
inatua juu ya majani, juu ya nyasi, juu ya kope zake.
Mvua ya kwanza huiosha yote
na maji yanaijua njia ya bondeni.

Desemba iliyopita niliokota watatu kwenye waya huu huu.
Niliwageuza, nikawatazama.
Hakuna jeraha. Hakuna bati lililobonyea.
Nyumba nzima, mwenye nyumba hayupo.
Niliwazika kwenye matope, nikaandika daftarini:
chujio safi.

Sasa huyu. Nilimkata waya kwa koleo,
waya wa serikali, watanidai.
Nikamteremsha kwa mikono miwili.
Hodi, nikasema, nikaona haya,
Likwata alikuwa ananitazama.
Akazama, akageuka kuukabili mkondo,
akaingia chini ya jiwe mkia mwisho,
bila kuaga.

Saa mbili pampu ikawashwa, mabomba yakatetemeka
kuupanda mlima.
Saa tatu simu. Shangazi.
"Leo yanatoka?"
"Yanatoka."
Kimya. Nasikia ndoo ikisogezwa chini ya bomba.
"Yana mwenyewe?"
Nikatazama kidole gumba, kimevimba, kinadunda.
"Yanaye," nikasema.
"Mmoja."